Umehiji Got Kwer na sasa unataka kitabu? Kabla ya kuchapisha, rudi kwanza njiani

SEPTEMBA inapokaribia, barabara ya kutoka Homa Bay kupitia Rongo hadi Migori hubadilika rangi. Kanzu nyeupe, nyekundu, buluu na kijani. Vitambaa kichwani, rozari shingoni, misalaba mikononi. Wengine wamebanana kwenye mabasi na malori, wengine wanatembea kando ya lami huku trekta za miwa zikiwapita kuelekea Awendo. Safari yao ni moja: Got Kwer, mlima mtakatifu wa waumini wa Legio Maria katika Kaunti ya Migori, alikozikwa mwanzilishi wao Simeo Ondeto aliyefariki Septemba 5, 1991.

Huenda mwaka jana ulikuwa mmoja wao. Huenda nyanya yako alikuomba umsindikize kwa sababu magoti yake hayamwamini tena. Huenda wewe si muumini hata kidogo, ulifuata tu rafiki wa chuo aliyekuambia, "Twende ujionee." Ukarudi Nairobi na malengelenge miguuni, picha mia kadhaa kwenye simu, sauti ulizorekodi usiku na daftari lililolowa mvua. Tangu siku hiyo kuna stori inakusukuma kila ukifunga macho. Unataka kuandika kitabu.

Poa sana. Kiandike. Na kwa kuwa wachapishaji wakubwa hapa nchini hupata unga wao kwenye vitabu vya shule vilivyoidhinishwa na KICD, kuna uwezekano mkubwa kwamba kumbukumbu za safari za kijana asiyejulikana hazitapata nafasi kwao. Basi utajichapishia mwenyewe. Hilo pia si aibu, wala si jambo la kukimbilia kwa pupa. Kuna kazi moja ambayo wengi huiruka katika safari hii, na ndiyo inayoamua kama kitabu chako kitaheshimiwa au kitakuletea kesi na machozi.

Mlango hauna bawabu

Shirika la uchapishaji ni kama jengo lenye bawabu. Utasumbuliwa mlangoni, utaulizwa unatoka wapi na umebeba nini. Mhariri atakuuliza, "Una hakika na tarehe hii?" Wakili atasoma ukurasa wa 47 na kusema, "Huyu mama uliyemtaja kwa jina na ugonjwa wake, alikuruhusu?" Inachosha, lakini inakulinda.

Ukijichapishia, mlango uko wazi. Mchapaji wa River Road atachapa chochote ulichomletea kwenye flashi. Kazi yake ni wino na karatasi. Hatakuuliza kama ulichoandika ni kweli. Maana yake ni kwamba bawabu ni wewe.

Kwa kitabu cha hija mzigo huo ni mzito zaidi. Legio Maria ilizaliwa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutoka ndani ya Kanisa Katoliki, Ondeto akiwa kiongozi na Gaudencia Aoko akiwa miongoni mwa sauti zake kubwa za mwanzo. Tangu hapo watu wengi wa nje wameiandika: wamisionari, wasomi wa vyuo vikuu, waandishi wa habari. Baadhi waliandika kwa heshima na utafiti, wengine waliandika kwa kejeli. Waumini wengi wanamwona Ondeto kuwa Masihi, wamedumisha Kilatini katika ibada zao, na wanavaa kanzu zao hadharani bila wasiwasi. Ni rahisi sana kwa mtu aliyepita na kamera kuwageuza kichekesho cha wiki mtandaoni.

Wewe ulitembea nao. Mlikunywa maji kwenye kibuyu kimoja. Aliyekusogezea mkeka ulipokuwa ukitetemeka kwa baridi hakujua kwamba siku moja utakuwa mwandishi. Ndiyo maana mswada wako unapaswa kurudi kwa watu hawa kabla haujafika kwa mchapaji. Mambo mengine yote, kuanzia jalada hadi bei, ni mepesi ukilinganisha na hilo.

Walioandika kabla yako

Usidhani unaanzisha kitu kipya. Mwaka 1325 kijana wa miaka 21 kutoka Tangier, Morocco, aliondoka kwao kwenda kuhiji Makka. Jina lake Ibn Battuta. Hija hiyo ikazaa safari nyingine nyingi, na mwaka 1331 akafika Mombasa na Kilwa. Tunachojua kuhusu miji yetu ya pwani enzi hizo, sehemu kubwa tunakijua kupitia yeye. Lakini kitabu chake hakikukamilika hadi 1355, naye hakukiandika kwa mkono wake: alisimulia, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akaandika na kupanga. Kama unaona umechelewa kwa sababu ulihiji mwaka jana na hujamaliza sura ya pili, tulia.

Songa mbele hadi 1901. Mjerumani Carl Velten alichapisha kule Göttingen mkusanyiko ulioitwa Safari za Wasuaheli. Ndani yake Waswahili wanasimulia safari zao wenyewe. Mmoja wao, Selim bin Abakari, anaeleza jinsi alivyofika Urusi na Siberia. Miguu ilikuwa yao, baridi iliwapiga wao. Jina lililobaki kubwa kwenye jalada ni la mkusanyaji. Likumbuke hilo utakapokaa kuandika jina lako kwenye jalada la safari ambayo watu mia walitembea pamoja nawe.

Na mitambo ya kuchapia? Hiyo nayo si ngeni kwa upande huo wa ziwa. Wamisionari wa Kiadventista wakiongozwa na Arthur Carscallen walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na kufikia 1913 walikuwa na mashine yao ndogo ya kuchapia. Kazi iliyoanza hapo ndiyo iliyokuja kuwa Africa Herald Publishing House. Kwa hiyo Homa Bay imekuwa ikichapa vitabu kwa zaidi ya karne moja.

Baadaye wakaja waliokataa kusubiri ruhusa ya mtu. David Maillu alianzisha Comb Books jijini Nairobi mwaka 1972 na kujichapishia vitabu vilivyosomwa kwenye matatu na ofisini, wakosoaji wakipiga kelele. Asenath Bole Odaga alianzisha Lake Publishers mjini Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1980, akachapisha kazi kwa Kiingereza na Dholuo, tena mbali na Nairobi. Hao wawili ndio wazee wako katika kazi hii.

Andika njia, mlima utajitokeza

Kosa la kawaida katika kitabu cha kwanza cha hija ni kutaka kuhubiri au kutaka kuuza utalii. Msomaji wa Umoja au Kisauni hahitaji umweleze kwamba mlima "unavutia sana". Anataka kujua ulikula nini Rongo. Nani alilipa. Viatu vilikatika wapi na fundi aliyevishona alikataa pesa au alipandisha bei. Mlilala wapi, na nani alikoroma. Wimbo ulianza saa ngapi alfajiri. Ulipofika, ulihisi nini, na kama hukuhisi kitu, ulijisikiaje kusimama pale mkavu huku wengine wakilia.

Hapo pa mwisho usipaogope. Msomaji anamwamini mwandishi anayekiri shaka zake kuliko anayedai aliona nuru kila baada ya kilomita mbili.

Ugawe mswada wako kwa rangi tatu kabla ya kuandika upya. Rangi ya kwanza: niliyoona kwa macho. Ya pili: niliyoambiwa. Ya tatu: ninayofikiri. Chukua rekodi zako na daftari, pitia kila aya na kuipaka rangi yake. Utashangaa ni sehemu ngapi za "niliyoambiwa" zilizojifanya "niliyoona".

Chukua mfano wa Simbi Nyaima, ziwa dogo karibu na Kendu Bay ambalo mahujaji na wageni wengi hulizuru. Linasimuliwa hivi: bikizee alifika kijijini usiku wa sherehe akaomba hifadhi, akafukuzwa kila mahali ila kwa mwanamke mmoja. Akamwambia huyo mwenyeji wake aondoke. Mvua ikanyesha na kijiji kikazama. Wanajiolojia watakuambia ziwa hilo limekaa kwenye kreta ya volkano. Mwandishi mzuri haoni haja ya kumpigisha ngumi mwanajiolojia na msimulizi. Andika ulivyosimuliwa, na nani, mkiwa wapi. Kisha eleza shimo hilo lilivyotokea. Msimulizi mwingine atabadilisha mwisho wa hadithi, nawe useme hivyo. Kwani hadithi yenyewe inahusu nini? Inahusu namna ya kumpokea mgeni aliyechoka. Ni vigumu kupata hadithi inayofaa zaidi kitabu cha mtu aliyelala kwenye mikeka ya watu.

Na hakikisha mambo ya kawaida. Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe iliyo Migori, iliingizwa kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Ukiandika 2008, mwanafunzi wa kidato cha tatu kule Macalder atakukamata, na kuanzia hapo hataamini hata habari ya viatu vyako.

Lugha gani?

Swali hili ni la moyo na la mfuko. Dholuo itakupa nyimbo, utani na maombi jinsi yalivyotamkwa. Kiingereza kitakupa wasomaji wa vyuoni na ng'ambo. Kiswahili kina faida ambayo vijana wengi hawaipigii hesabu: Migori ni kaunti ya mpakani. Ukivuka Isebania uko Sirari, Tanzania, na mbele yake Tarime na Musoma. Ndani ya Migori yenyewe wanaishi Waluo, Wakuria, Wasuba, Wakisii, Waluhya na Wasomali, na sokoni wanapatana bei kwa Kiswahili. Mahujaji wanaotoka Tanzania pia wangetaka kujisoma.

Si lazima Kiswahili chako kiwe cha mtihani. Acha jaduong' aseme kama jaduong', acha konda aseme kama konda. Neno la Dholuo lisilo na mwenzake liache lilivyo, kisha sentensi inayofuata ilieleze kimyakimya. "Got" ni mlima. Msomaji atalishika baada ya kuliona mara mbili.

Siku ya kusomewa

Sasa tufike kwenye ile kazi ambayo wengi huiruka.

Rasimu yako ikiwa tayari, chapa nakala mbili tatu za kawaida kwenye cyber, zifunge kwa springi, panda gari urudi. Usitume PDF kwa WhatsApp ukasema umeomba ruhusa. Wengi wa watu waliomo kitabuni mwako hawatafungua faili la kurasa 130, na wengine macho yao hayaruhusu. Nenda ukae nao, usome kwa sauti. Usiende mikono mitupu: kilo mbili za sukari na majani chai ni adabu ya kawaida unapoingia boma la mtu mzima. Kama Dholuo yako ni ya kuombea maji tu, tafuta mtu wa kutafsiri ambaye wenyeji wanamwamini, na umlipe.

Unaposoma, tazama nyuso. Utaona mahali watakapocheka, na mara nyingi si pale ulipotarajia. Utaona pia mahali kimya kitakapoingia. Simama hapo, uulize.

Malalamiko utakayoyapata yatakuwa ya aina tatu, na kila moja ina dawa yake.

La kwanza: "Hapa umekosea." Hukulala Rongo, mlilala kabla ya Rongo. Wimbo ule si wa kuingilia, ni wa kuagia. Hilo rekebisha hapo hapo na ushukuru. Umeepushwa na aibu bila malipo.

La pili: "Hilo ni letu." Pengine ni ushuhuda wa uponyaji ambao mama aliutoa usiku kwenye giza, akidhani anawaambia waumini wenzake. Pengine ni sehemu ya mlima ambako watu huombwa wasipige picha. Pengine ni jina la mtu aliyekuja kuombea ndoa iliyovunjika. Hilo toa, au badilisha jina na kila alama inayoweza kumtambulisha, halafu umsomee tena. Sheria yenyewe iko upande wake: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu imani ya mtu na hali yake ya afya kuwa taarifa nyeti. Kweli, sheria hiyo ina nafasi kwa kazi za fasihi na uandishi wa habari. Lakini usijifiche nyuma ya kifungu wakati mtu aliyekupa uji anakutazama usoni. Na ukimchafulia mtu jina kwa uongo, anaweza kukudai fidia mahakamani, na hapo hutakuwa na kampuni nyuma yako ya kukulipia wakili.

La tatu ndilo gumu: "Hatupendi ulivyosema." Umeandika kwamba ulichoka na mahubiri. Umeandika kwamba kanisa limekuwa na mivutano ya uongozi, jambo ambalo limeripotiwa waziwazi. Umeandika kwamba hukuamini. Hapa huna deni la kufuta. Kitabu kinachosomwa na kila mtu akapiga makofi ni risala, na risala zina waandishi wake. Unachodaiwa ni kusema wazi kwamba haya ni maoni yako, na kuandika jibu lao kando yake, kwa maneno yao. Mzee akisema, "Huyu kijana alikuwa na njaa siku hiyo, ndiyo maana hakusikia chochote," hiyo sentensi iweke kitabuni. Huenda ikawa bora kuliko zako zote.

Bila shaka kuna gharama. Nauli ya kwenda na kurudi, siku mbili tatu bila kazi, mlo, sukari. Kwa kijana anayeishi kwa vibarua vya mtandaoni hiyo ni pesa. Iweke kwenye bajeti ya kitabu mapema, kwenye mstari mmoja na mhariri na mchoraji wa jalada. Ukilazimika kupunguza, punguza kwenye jalada la kung'aa.

Karatasi, namba na haki

Baada ya hapo, mambo ya ofisi. Kwa bahati nzuri hayana uchawi.

Mhariri: mlipe mtu asiyekuwa rafiki yako wa karibu. Rafiki atakuambia "iko sawa". Unahitaji mtu atakayekuambia sura ya nne ifutwe.

Hakimiliki: kazi yako inalindwa tangu ilipoandikwa, hata kabla ya kuisajili. Kwa sheria ya Kenya ulinzi huo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Unaweza pia kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ili uwe na ushahidi siku ya ubishi. Kumbuka upanga huu hukata kuwili: picha aliyopiga mwenzako ni yake, hata kama wewe ndiye uliye kwenye picha. Omba ruhusa kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia. Wimbo uliousikia njiani nao unaweza kuwa na mtunzi aliye hai. Uliza kabla ya kunakili.

ISBN: ni ile namba ya tarakimu 13 nyuma ya kitabu. Hapa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS. Nyingi utaona zinaanza na 978-9966. Ukitoa kitabu cha karatasi na cha mtandaoni, kila kimoja kinahitaji namba yake. Sheria pia inataka upeleke nakala za kuhifadhiwa serikalini na kwenye maktaba ya taifa. Usione hilo kuwa usumbufu. Maana yake ni kwamba miaka 60 ijayo mtu atakayetafuta jinsi watu walivyohiji Got Kwer enzi zako ataweza kukipata.

Picha: iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida imeminywa, kwenye karatasi itatoka na ukungu. Chukua faili la asili kutoka kwa simu iliyopiga. Na jalada lisichorwe lote kabla idadi ya kurasa haijajulikana, kwa sababu upana wa uti wa kitabu hutegemea unene wake.

Kurasa: mashine kubwa za ofseti huchapa karatasi pana ambayo hukunjwa, mara nyingi ikatoa kurasa 16 kwa mkupuo. Kwa hiyo 128 na 144 ni namba nzuri, 131 ni namba ya hasara. Mashine za dijitali hazina masharti hayo sana, nazo ndizo zinazomfaa anayechapa nakala chache.

Na hapa kwenye nakala ndipo vijana wengi huumia. Mchapaji atakuambia ukichapa nyingi, bei ya kila nakala inashuka. Ni kweli, lakini piga hesabu. Tuseme nakala 200 ni shilingi 250 kila moja: jumla 50,000. Tuseme nakala 1,000 ni shilingi 180 kila moja: jumla 180,000. Sasa tuseme unauza kwa shilingi 600, na mwaka wa kwanza umeuza 150. Umepata 90,000. Ukiwa ulichapa 200, umerudisha pesa zako, ukabaki na 40,000 za kulipa mhariri na nauli, na vitabu 50 vya kuuza. Ukiwa ulichapa 1,000, bado unadaiwa 90,000 na umelala juu ya vitabu 850. Panya wa Pipeline hawajali kama kitabu ni cha hija.

Tena kabla ya kusema "chapa", dai nakala moja ya majaribio. Isome yote, kwa kalamu, ukiwa umekaa. Kosa la kwenye jalada huonekana na kila mtu isipokuwa mwenye kitabu.

Uza mahali miguu inapopita

Vijana wengi hufikiria uzinduzi hotelini Nairobi, keki na kipaza sauti. Hotelini watakuja marafiki 30 na watanunua wanane. Fikiria kwanza ni nani anahitaji kitabu hiki. Ni watoto wa mahujaji waliohamia mjini wasiojua mama zao huenda wapi kila Septemba. Ni waumini wenyewe. Ni walimu wa Homa Bay na Migori wanaotafuta kitu cha kusomesha kuhusu kwao. Ni wasomaji wa kawaida wanaopenda safari.

Kwa hao wa mjini, weka namba ya Lipa na M-Pesa, tuma vifurushi kwa ofisi za mabasi, ongea na maduka kama Nuria ya Nairobi ambayo yamezoea vitabu vya wanaojichapishia. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi huwa Sarit Centre mwezi Septemba, mwezi ule ule wa hija, kwa hiyo gawanya nakala zako mapema. Kwa wa njiani, zungumza na wenye vibanda vya Rongo na Migori, uwaachie kumi kumi kwa makubaliano ya asilimia. Mlimani kwenyewe usitandaze meza bila ruhusa ya viongozi. Pale watu wamekwenda kuomba.

Ukitaka ratiba, ihesabu kinyumenyume kutoka Septemba. Agosti vitabu viwe mkononi. Julai viko kwa mchapaji. Juni unasoma nakala ya majaribio. Mei ni ISBN, kurasa na jalada. Aprili, wakati wa likizo ya Pasaka ambapo watu wengi wako nyumbani, ndiyo siku za kusoma kwa sauti. Machi mhariri anakukasirisha. Oktoba hadi Februari unaandika, kila usiku kidogo, rekodi masikioni.

Ukiona ratiba imekubana, sukuma kila kitu mwaka mzima mbele. Septemba itarudi na barabara itajaa kanzu tena. Usifute Aprili tu. Na vitabu vikifika, zile nakala kumi za kwanza usiziuze: zina majina ya wenyewe, kuanzia na aliyekusogezea mkeka.